Simu ya Upepo Ilivyonyamaza Chini ya Elgon

Ukitoka Tororo kwa barabara ya Mbale, kisha ukashika njia ya kulia inayopanda kuelekea Namisindwa, simu yako huenda ikakukaribisha Kenya hali bado uko Uganda. Ujumbe wa makaribisho unaingia, bei za kupiga zinatajwa, na jina la mtandao juu ya kioo linabadilika. Ukizunguka bega moja la mlima Elgon, mitandao yote miwili inapotea.

Kwa mchuuzi wa vitunguu huo ni usumbufu mdogo. Kwa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua saa nane usiku, au kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) aliyesikia mlima ukinguruma juu ya nyumba za watu wake, jambo ni jingine kabisa. Hao wanahitaji mtu wa kuwasikia, tena awasikie mapema.

Katika miaka 30 iliyopita simu zimejaa mifukoni na vituo vya redio vimejaa hewani, kutoka Busia na Malaba hadi Mbale. Siku ya kawaida mtu wa mlimani anawasiliana kwa urahisi ambao babu yake hakuuota. Siku mbaya, yaani siku ya mvua ya mfululizo, umeme umekatika na barabara imezibwa na tope, uwezo wake wa kuita msaada umerudi nyuma. Umerudi nyuma kwa sababu tuliacha chombo kilichotengenezwa kwa siku mbaya, kazi yake tukaikabidhi chombo kilichotengenezwa kwa siku njema.

Mpaka huu wa Kenya na Uganda uliwahi kuwa na mawasiliano ya pamoja. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, ambalo baada ya mkataba wa 1967 lilikuwa na makao yake makuu Kampala, lilihudumia pande zote mbili. Reli iliyofika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuja na nyaya zake za telegrafu, na mkuu wa stesheni aliweza kupeleka habari Eldoret au Jinja kwa waya mmoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 waya ukawa wa nchi mbili. Kenya ilibaki na shirika lake la posta na simu hadi lilipogawanywa 1999; la Uganda liligawanywa 1998, na kampuni ya simu iliyotokana nalo, Uganda Telecom, ikaishia mikononi mwa msimamizi wa muda 2017. Treni za abiria za kuja mashariki mwa Uganda zilisimama 1997. Shaba ya nyaya za simu iliibwa nguzo kwa nguzo, na hakuna aliyerudi kuifunga upya.

Lakini hata enzi hizo waya haukufika mlimani. Kilichofika huko ni simu ya upepo, ambayo wengi upande huu huiita redio koli.

Kifaa chenyewe hakikuwa cha ajabu. Kasha la chuma la ukubwa wa biblia ya madhabahuni, kipaza sauti chenye waya uliojisokota, betri ya gari chini ya meza, paneli ya sola juu ya bati, na nje waya mrefu uliofungwa kati ya milingoti miwili ya mikalatusi. Asubuhi na jioni, kwa saa zilizopangwa, kila kituo kiliitwa kwa zamu na kikajibu. Aliyekuwa na jambo alilisema. Asiyekuwa nalo alisema yupo, betri ni nzima, dawa zimebaki kiasi fulani. Kituo kikikosa kujibu mara mbili mfululizo, watu walijua kuna tatizo na mtu akatumwa kuangalia. Kwangu hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Mtandao ule ulikuwa na desturi ya kugundua kimya. Simu ya mkononi haina desturi hiyo. Kijiji kikinyamaza siku nzima, hakuna mashine wala mtu anayeshtuka.

Zilikuwepo za aina mbili, na tofauti yake inaeleza mengi kuhusu milima. Zile za masafa ya VHF, ambazo polisi na madereva wa ambulensi hubeba kiunoni au garini, huhitaji kuonana. Wimbi lake husafiri kwa mstari ulionyooka, na likikuta ukingo wa mlima linaishia hapo. Ili livuke, lazima ripita, yaani kifaa kinachopokea wimbi na kulirusha upya, iwekwe kileleni, mahali panapoonekana kutoka mabonde yote mawili, na ripita hiyo iwe na umeme wake, ulinzi wake na fundi wake. Zile za HF, kama redio za Codan kutoka Australia ambazo mashirika ya misaada yalizileta kwa wingi, hufanya kazi kwa njia nyingine. Ukitumia masafa ya chini, kati ya megahezi 3 na 8 hivi, na ukauning'iniza waya wa antena chini karibu na ardhi, wimbi hupanda wima hadi tabaka la juu la anga na kurudi kama mvua, likaangukia bonde hili na lile ndani ya kilomita mia kadhaa. Ukingo wa Wanale haulizuii. Mabonde ya Bududa hayalizuii. Sauti hukwaruza, usiku masafa hubidi yabadilishwe, na anayeitumia lazima afundishwe. Ila kwa nchi iliyokunjamana kama Elgon, mlima unaoinuka hadi mita 4,321, sijui njia ya bei nafuu zaidi ya kutoa sauti bondeni bila kumtegemea mtu yeyote aliye katikati.

Na kulikuwa na faida ambayo hatukuitambua hadi ilipotutoka: kila mtu aliye kwenye chaneli alisikia. Muuguzi akiita hospitali ya wilaya kwamba mto umepanda kuliko kawaida, kituo cha chini ya mto kilisikia pia, pamoja na dereva wa ambulensi na askari wa zamu. Habari haikungoja mtu atafute namba za watu kumi awapigie mmoja mmoja, tena kwa salio lake mwenyewe.

Uganda ilikuwa mfano wa kuigwa katika jambo hili. Mnamo 1996, wilayani Iganga, kwenye barabara kuu inayokuja Tororo, Wizara ya Afya na Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu walianzisha mradi wa RESCUER. Wakunga wa jadi vijijini walipewa redio za VHF zinazotumia sola, vituo vya afya vikapewa za kwao, na ambulensi ikafungwa yake. Mkunga alipoona uzazi umekwama aliita kituo, kituo kikaita gari, na gari likiwa njiani mkunga aliendelea kuongozwa afanye nini. Mradi ulieleza kwamba ndani ya miaka mitatu vifo vya akina mama wajawazito vilipungua kwa takriban asilimia 40, na wilaya nyingine zikauiga. Huenda si kila sehemu ya punguzo hilo ilitokana na redio, maana magari na mafunzo vilikuja pamoja nazo. Hata hivyo, waliokuwepo walijua kilichobadilika: mkunga aliacha kuwa peke yake.

Kisha simu za mkononi zikaja. Celtel ilianza Uganda 1995, MTN 1998, na upande wa pili Safaricom ikazinduliwa 2000. Redio za sola zilianza kuzeeka wakati ule ule. Betri ya asidi hudumu miaka mitatu, minne, mitano ikitunzwa vizuri. Ilipokufa, mradi ulikuwa umekwisha na wafadhili wamekwenda kwingine, na fungu la matumizi ya kituo cha afya halikuwa na mstari wa betri ya redio. Fundi aliyejua kupima antena alistaafu. Leseni ya masafa ilikuwa inahitaji kulipiwa. Na juu ya yote, kila afisa alikuwa na simu mfukoni, hivyo hakuna aliyeona hasara. Redio hazikufungwa kwa amri wala kwa mkutano. Zilizimika moja baada ya nyingine, waya wa antena ukawa wa kuanikia nguo, na kasha likaingia stoo pamoja na mizani mibovu.

Siilaumu simu. Imeokoa maisha mengi, na ningekuwa mgonjwa Malaba mjini ningeitegemea bila wasiwasi. Shida ni kwamba mnara wa simu hujengwa mahali penye wateja. Ifuate minara kwa macho kutoka Busia: mjini ipo mingi, barabara kuu ya Bugiri ipo, Malaba ambako malori hulala foleni ipo, Tororo penye kiwanda cha saruji ipo. Ukianza kupanda Elgon, minara inashika njia kuu na masoko. Bonde lenye kaya mia mbili zinazonunua salio la shilingi chache kwa wiki haliwezi kulipa gharama ya mnara, na kampuni haikuanzishwa ili ipate hasara. Tulipoifanya simu kuwa njia pekee ya dharura, tuliamua bila kusema kwamba dharura itahudumiwa pale penye faida.

Hata mnara uliopo una udhaifu ambao mtumiaji haoni. Mingi haina waya wa kuiunganisha na dunia. Mmoja hurushia mawimbi mnara wa pili, nao wa tatu, hadi mjini. Mmoja katikati ukizimika, yote iliyo nyuma yake inakufa, ingawa taa zake zinawaka. Umeme ukikatika huingia betri, zikiisha jenereta, na jenereta huhitaji dizeli inayoletwa kwa gari. Barabara ya Elgon ikikatika saa sita, mnara una saa zake za kuishi na baadaye hauna. Wizi wa betri na dizeli minarani unajulikana nchi zote mbili. Halafu, pale mtandao unapobaki hai baada ya maafa, kila mwenye ndugu hupiga kwa wakati mmoja na laini hujaa.

Tazama sasa kile kinachotokea mlimani kwenyewe. Jioni ya tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua ya saa nyingi, ardhi ya Nametsi wilayani Bududa ilishuka na kufukia kituo cha biashara na kituo cha afya. Zaidi ya watu 300 waliaminika kufa, na wengi wao hawakupatikana. Mashine nzito hazikufika kwa sababu hakukuwa na njia ya kuzipitisha. Askari na wanakijiji walichimba kwa majembe na mikono. Juni 2012 ikawa zamu ya Bumwalukani. Tarehe 11 Oktoba 2018 mto Suume ulijaa mawe na tope ukapitia Bukalasi na kuua zaidi ya watu 40. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale usiku. Tarehe 27 Novemba 2024 vijiji vya Bulambuli vikafukiwa, miili zaidi ya 20 ikapatikana na watu wengine zaidi ya 100 wakawa hawajulikani walipo. Upande wa Kenya, Novemba 2019, maporomoko ya Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 50.

Katika maafa ya namna hii kuna mawasiliano ya aina mbili yanayohitajika, nasi huyachanganya. La kwanza ni onyo la kabla: kutoka juu kwenda chini, na kutoka kijiji chenye nyufa kwenda kwa wataalamu. La pili ni wito wa baada: nani amefukiwa, wapi, gari lipitie njia gani, hospitali ipi iandae damu. Yote mawili huanzia mahali ambapo mtandao ni dhaifu kuliko kwingine kote. Mara nyingi mjumbe wa kwanza ni kijana wa boda boda anayeshuka kwenye utelezi hadi penye jiwe au mti ambao wenyeji wanaujua kwamba hapo simu hushika. Ninawaheshimu vijana hao. Ila nchi mbili zenye wizara, mamlaka na mifuko ya mawasiliano zimewaachia vijana wa pikipiki kazi ambayo zamani kasha la chuma na betri viliifanya kwa dakika moja.

Mtu atasema redio zipo tele. Ni kweli. Tangu Sanyu na Capital zilipofungua milango ya FM binafsi Kampala 1993, mashariki mwa Uganda kumejaa stesheni: Rock Mambo iko Tororo, Step na Open Gate ziko Mbale. Kuvuka mpaka kuna Mulembe, West FM ya Bungoma, na Emuria kwa wazungumzaji wa Kiteso. Uwanda wa Busia na Tororo unasikia lugha sita kwa siku bila kuhama kiti. Hata hivyo FM nayo husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo uwanda unasikia vizuri na mabonde yanasikia vipande. Wakati huo huo masafa ya kati na masafa mafupi, ambayo Radio Uganda iliyatumia na shirika la utangazaji la UBC, lililoundwa 2005, likayarithi, pamoja na mtambo wa Butebo uliokuwa ukihudumia lugha za mashariki, yalipoteza nafasi yake. Masafa ya kati huinama na kufuata ardhi, na mtambo mmoja hufunika wilaya nyingi. Mtambo huo ulikuwa mzigo kwa bili ya umeme, na haukuvutia matangazo ya biashara. Ukawa wa kwanza kupuuzwa.

Isitoshe, redio ya matangazo ina mdomo bila sikio. Inaweza kusema mvua kubwa inakuja. Haiwezi kumsikia mtu wa Bukalasi akisema mto umegeuka rangi.

Kuna jaribio moja ninalolitaja kwa furaha, nalo liko Busia ya Kenya, chini kabisa ambako mto Nzoia unaingia Ziwa Viktoria. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kupitia mpango wake wa RANET, ilianzisha redio ndogo ya jamii, Bulala FM, Budalang'i. Budalang'i imefurika mara nyingi kuliko watu wake wangependa kuhesabu, ikiwemo 2003 na tena Mei 2020, kila mara kingo za udongo zinaposhindwa. Redio hiyo ilitoa utabiri kwa lugha ya wenyeji, na watu walioishi kandokando ya mto walikuwa na mahali pa kupeleka habari. Hapo fikra ilikuwa sahihi: chombo cha umma, kilichowekwa penye hatari, kinachosema kwa lugha ya anayekufa maji. Lakini mtambo mdogo hufunika eneo dogo, na maji yanayokuja Budalang'i hayaanzii hapo. Nzoia hukusanya maji ya Cherangani na ya Elgon katika safari ya kilomita 257. Habari inayohitajika Budalang'i iko Bungoma na Trans Nzoia tangu jana.

Tororo ina hali hiyo hiyo. Mto Manafwa unashuka kutoka Bududa kwenda mashamba ya mpunga ya Doho, Butaleja. Mto Malaba unashuka mlimani, unakuwa mpaka, kisha unageukia vinamasi vya Mpologoma. Maji huchukua saa kadhaa kufika uwandani. Saa hizo zinatosha kuhamisha mbuzi, magodoro, chakula na wazee, kama mtu wa juu atasema na wa chini atasikia. Mwaka 2014 Tume ya Mawasiliano ya Uganda pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, waliweka Butaleja ving'ora vya sola vya kuonya mafuriko ya Manafwa. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Lakini king'ora ni mwisho wa mnyororo, na mnyororo wenyewe ni watu wa mlimani wenye njia ya kusema.

Mpaka unazidisha ugumu. Kuanzia 2014 nchi hizi zilikubaliana kushusha bei za kupiga simu kuvuka mipaka, na mfanyabiashara wa Busia alinufaika. Dharura haikupewa mpango kama huo. Anayepiga 112 Namisindwa simu yake ikiwa imenaswa na mnara wa Kenya atapokewa na Kenya, na askari wa Kenya hana gari la kutuma ng'ambo ya mto Lwakhakha. Masafa ya redio ya polisi ya Busia moja si masafa ya Busia nyingine, ingawa vituo vyao vinatazamana. Februari 2018 marais wawili walizindua kituo cha pamoja cha forodha Busia, ambapo lori hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Mahindi yana utaratibu wa pamoja. Mgonjwa wa Lwakhakha hana. Ninaliandika hili kwa uchungu, maana Wateso, Wasamia, Wabukusu na Wagisu wa pande mbili ni ndugu wanaozikana na kuoana, na wangefurahi kusikilizana kwenye chaneli moja.

Fedha zimetumika, lakini zimeelekea mijini. Kenya ilianzisha kituo chake cha taifa cha operesheni za maafa 1998. Uganda ikazindua cha kwake Oktoba 2014. Vyote viko katika miji mikuu, na kituo cha aina hiyo hupokea tu kile kinachofikishwa. Mwaka 2014 Kenya iliipa Safaricom mkataba wa takriban shilingi bilioni 14.9 wa mawasiliano na kamera za polisi, na maeneo yaliyolengwa yalikuwa Nairobi na Mombasa. Namba 999 yenyewe ilifufuliwa 2013 baada ya kimya cha takriban miaka 15. Sipingi mji mkuu kulindwa. Ninachosema ni kwamba kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo ungeweka redio ya HF na sola katika kila kituo cha afya na kila ofisi ya chifu na gombolola zinazozunguka Elgon, Kenya na Uganda, na ukabakiza za kumlipa fundi kwa miaka mingi.

Haya si matatizo ya maskini peke yao, na nchi tajiri zinatupa funzo ambalo tungelipokea. Uingereza iliamua 2015 kuhamisha polisi, zimamoto na ambulensi kutoka mtandao wao maalumu wa redio, Airwave, kwenda mtandao wa kibiashara wa simu. Airwave ilikuwa izimwe mwishoni mwa 2019. Haijazimwa, tarehe imesogezwa hadi karibu 2029. Sababu mojawapo ni kwamba mtandao mpya ulipaswa kwanza ufike mabonde ya Wales na nyanda za juu za Scotland. Wamelalamika kuhusu gharama, wamegombana bungeni, na hata hivyo hawajakubali kuzima cha zamani kabla kipya hakijafika mlimani. Sisi cha zamani tulikizima bila hata kuuliza.

Satelaiti sasa inatajwa kama jibu la kila kitu. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na nafurahi zahanati ya mbali ikipata intaneti. Lakini sahani yake inakula umeme zaidi ya redio inayosubiri kuitwa, malipo yake ni ya kila mwezi, na mwezi usiolipwa inazimika. Tunaweza kurudia kosa lile lile kwa kifaa kipya.

Njia ya kugharimia ipo. Uganda iliunda mfuko wa mawasiliano vijijini 2003, ulioanza kwa kutoza kampuni asilimia 1 ya mapato. Kenya ina Mfuko wa Huduma kwa Wote unaochangiwa na kampuni zake. Mifuko hiyo ilikusudiwa mahali ambapo soko haliendi. Imejenga minara, maabara za kompyuta shuleni na vituo vya intaneti, kazi nzuri. Lakini redio ya dharura ya mlimani, yenye zamu za asubuhi na jioni na ripita yenye mlinzi, inaingia kabisa katika kusudio lao, tena ni ya bei ndogo. Uganda pia imo kati ya nchi 30 za mwanzo katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa onyo la mapema kwa wote, uliotangazwa 2022 na unaolenga 2027. Mpango ukipimwa kwa idadi ya ujumbe mfupi uliotumwa, Bududa itahesabiwa imeonywa. Upimwe kwa vituo vinavyoitika vikiitwa saa moja jioni mvua ikinyesha.

Ushirikiano wa mpakani hauhitaji kungoja mkataba mpya wa Jumuiya. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na Tume ya Uganda hukutana kila mara kugawana masafa ili stesheni za FM zisiingiliane. Katika vikao hivyo hivyo wanaweza kutenga chaneli moja ya HF na moja ya VHF kwa ajili ya Elgon, zitumike Bududa, Namisindwa, Tororo, Busia zote mbili, Teso Kaskazini, Cheptais na Kapsokwony, zamu ziitwe kwa Kiswahili ambacho pande zote zinakielewa. Hospitali ya Tororo ingejua ya Busia ina damu. Naibu wa chifu wa Malaba angejua kwamba mto Lwakhakha umepanda.

Zinazobaki ni betri, na mtu wa kuzibadilisha. Mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza tarehe 1 Julai. Mvua zilizoua Bukalasi zilikuja Oktoba, zile za Bulambuli Novemba. Kati ya kupitishwa bajeti na mvua hizo kuna miezi mitatu hadi mitano. Inatosha kuagiza betri, kunyoosha waya wa antena na kumfundisha muuguzi wa zamu kubadili masafa giza linapoingia.